Mkalimani wa Group Isiyo na Mwenyewe

Ujumbe wa kwanza aliouandika kwenye group ya mtaa wetu ulikuwa na salamu, aya tatu na jina lake kamili chini. Siku hiyo watu walikuwa wakigombana kuhusu mbwa wa jirani mmoja, na matusi yalikuwa yameshafika kwa mama za watu. Katikati ya vita hivyo akatokea mtu akaandika: "Kwa wakazi wote wa Section 58, hamjambo. Ninaomba ruhusa nichangie." Hakuna aliyempa ruhusa. Hakuna aliyejua ni nani angeweza kuitoa. Alisubiri nusu saa nzima, kisha akachangia.

Watu walimcheka wiki hiyo yote. Mmoja akaweka picha ya jaji mwenye wigi. Yeye akajibu kwamba hakuwahi kuwa jaji, alikuwa mkalimani wa mahakama, na kwamba kazi hiyo ni ngumu kuliko ya jaji kwa sababu jaji anaruhusiwa kusinzia. Tangu hapo akawa Mkalimani. Hata mama yangu, aliyeishi naye ukuta kwa ukuta tangu mimi niko shule ya msingi, aliacha kumwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza akafuata la group.

Group yenyewe haikuwa na mwenyewe. Kijana aliyeianzisha alihamia ng'ambo akabaki admin peke yake, na hakuifungua tena. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kufuta maneno ya mwenzake wala wa kumtoa yeyote. Tangazo la mazishi lilifuatwa na tangazo la gesi, la gesi likafuatwa na kichekesho, na aliyekuwa amefiwa akauliza kama watu wana adabu kweli. Mtu akiuliza kama stima zimepotea kwake tu, wa kwanza alimjibu, wa pili akamsahihisha wa kwanza, wa tatu akamtukana wa pili. Mimi nilikuwa humo na sikuandika neno.

Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimemaliza chuo, niko nyumbani, natuma maombi ya kazi ambayo hayajibiwi. Nina tabia ya kuandika ujumbe kwanza mahali pengine kwenye simu, kuusoma kwa macho ya kila mtu anayeweza kuuona, kuugeuza, kuusoma tena, halafu kuuacha. Kuhusu yule mbwa nilikuwa na matoleo sita. Mbwa alihamishwa kabla sijachagua.

Mkalimani alinieleza kazi yake ya zamani tukiwa uani, mimi naanika nguo, yeye upande wa pili wa ukuta anamwagilia mboga zake za sukuma kwa sufuria. Alisema mkalimani wa mahakama hasemi "anasema alimpiga". Anasema "nilimpiga". Anayachukua maneno ya mtu anayavaa yalivyo, marefu au mafupi.

"Mimi nimekiri wizi wa ng'ombe mara nyingi kuliko mwizi yeyote hapa Rift Valley," aliniambia. "Nimemwambia hakimu usoni kwamba hana akili. Nimemlilia mume niliyemuua. Saa saba ikifika naenda kula."

Kutoka kazi hiyo alitoka na imani moja tu, kwamba mtu hajui alichosema mpaka akisikie katika kinywa cha mtu mwingine. Na imani hiyo akaja nayo kwenye group yetu. Ukiandika jambo zito juu ya jirani, hakukujibu humo. Alichukua daftari la shule, la kurasa tisini na sita, akaunakili ujumbe wako kwa mkono, koma kwa koma, na makosa yako yote. Zile picha ndogo za nyuso alizieleza kwa maneno. Halafu akavaa koti, hata kama jua linawaka, akaja kugonga lango lako. Hakuingia. Chai hakuikubali kabla ya kazi. Alisimama pale nje akakusomea maneno yako mwenyewe, kwa "mimi" yako, bila kupandisha sauti, kisha akauliza: "Nimekutafsiri sawasawa?"

Ukisema ndiyo, aliuliza swali la pili: "Basi nimpelekee mwenyewe?"

Mama mmoja wa kwaya aliwahi kuandika kwamba fundi wa viatu wa pale kona ni mlevi. Mkalimani akaenda akamsomea: "Mimi nasema fundi wa viatu ni mlevi asiye na aibu. Hapa kuna nyuso tatu zinazocheka hadi machozi." Yule mama akacheka mwenyewe, halafu kicheko kikakatika. Akasema, "Andika pia aliniharibia viatu nilivyokuwa nivae kwa harusi ya dada yangu." Mkalimani akaandika. Akafunga daftari akasema sasa hilo ndilo jambo, mengine yalikuwa vumbi la njiani. Akampelekea fundi yote mawili, ulevi na viatu, kwa sababu hakuruhusiwa kupunguza. Viatu vilirudi siku ya tatu na soli mpya. Kuhusu ulevi fundi alisema atafikiria.

Hakuwahi kumwambia mtu afute. Watu waliposema fulani atolewe, alikuwa na jibu lile lile: mtu akitolewa, neno lake linabaki, kinachoondoka ni nafasi ya kumjibu. Kuhusu matusi alisema ni hoja iliyochoka kabla ya kufika. Nilikuwa nikiyaandika maneno yake, kisha najiuliza kama ni kweli au yamepangika vizuri tu.

Maana hakuwa mtu wa kunyooka. Alitetea haki ya kila mtu kumtukana, lakini ujumbe wa sauti hakuuvumilia. Alisema anayekutumia dakika nne za sauti amekufungia ndani ya nyumba yake. Shemeji yake wa Ndabibi alikuwa akimtumia picha ya maua ya waridi kila asubuhi, yenye maneno ya baraka, na Mkalimani, bingwa wa uhuru wa kusema, alimblock bila daftari wala lango. Nilipomuuliza, alisema maua si hoja. Nyumbani kwake habari zikianza hakuna aliyekohoa. Mkewe alizoea kusema kwamba uhuru wa mzee huyu unaishia pale mlangoni kwake, kwa nje.

Alikuwa pia na majivuno. Aliniuliza zaidi ya mara moja kama kuna njia ya kujua nani amesoma ujumbe wake mpaka mwisho na nani ameishia kwenye salamu.

Sasa, hilo la njia iliyofungwa.

Kulikuwa na njia nyembamba nyuma ya mtaa, kati ya ploti mbili, inayotokea kwenye maduka na shule. Asubuhi moja tukaikuta na lango la chuma na kufuli. Mwenyekiti wa wakazi alikuwa ameliweka, na sababu yake ilikuwa usalama, kwamba wezi wanapita pale. Mama wa mboga aliyeuza sukuma mwisho wa njia hiyo akapoteza wateja siku hiyo hiyo. Watoto wakaanza kuzunguka kwa barabara kuu, ambako malori hayana subira. Hakuna aliyekuwa ameulizwa.

Nikaanza kuandika. Toleo la kwanza niliandika kwa hasira, na ndani yake nilisema mwenyekiti ameiuza njia kwa mtu aliyenunua ploti moja ya kando yake. Nilijua siwezi kulituma. Nikaendelea siku tatu hadi toleo la kumi na nne, ambalo lilikuwa na mambo matatu tu: njia imefungwa, hakuna mkutano ulioitwa, watoto wanapita barabara kuu. Lilikuwa safi. Siku ya nne nikanakili, nikabandika, nikatuma, nikazima simu kwa woga nikaenda kufua mablanketi.

Nilipoiwasha baada ya saa mbili, niligundua nimetuma toleo la kwanza.

Kufuta kuliwezekana, lakini watu walikuwa wameshaupiga picha ujumbe wangu, na mwenyekiti alikuwa amejibu. Aliandika kwamba msichana huyu amemaliza chuo akakosa kazi, sasa kazi yake ni kuharibia watu majina, na kwamba shida si yeye peke yake, shida ni mama aliyemlea. Chini yake wengine waliandika niachwe niongee, wengine niende kwa mawakili, mmoja akaniuliza kama nafanya kazi ya kufua, kwa sababu ana nguo. Jioni mwenyekiti akatangaza kwamba amempata yule admin wa ng'ambo. Admin amesema atamkabidhi group mtu yeyote ambaye wakazi watamchagua kwenye mkutano wa Jumamosi. Mwenyekiti hakuficha mpango wake. Akikabidhiwa, yeye peke yake ataandika na wengine watasoma, na wa kwanza kutolewa ni mimi.

Mama hakunigombeza. Alisema kwa sauti ya chini tu, "Wewe utapata kazi uende. Mimi ndiye nitakaa na hawa watu." Sikulala vizuri juma hilo, na sitaki kueleza zaidi.

Asubuhi iliyofuata ujumbe ule, lango letu likagongwa. Mkalimani alikuwa na koti. Nilisimama mbele yake nikiwa na kandambili na kitambaa kichwani, akafungua daftari akasoma.

"Mimi nasema mwenyekiti ameiuza njia yetu kwa mwenye ploti. Mimi nasema ndiyo sababu hakuita mkutano. Mimi nasema watoto wetu sasa wanapita barabara kuu na njia imefungwa kwa kufuli." Akanitazama juu ya miwani. "Nimekutafsiri sawasawa?"

Nikasema ndiyo. Nilitaka kumweleza kuhusu toleo la kumi na nne. Aliinua kidole.

"Kwamba ameiuza. Unajua, au unadhani?"

"Nadhani."

"Haukuitwa mkutano. Unajua, au unadhani?"

"Najua."

"Watoto? Kufuli?"

"Najua."

Akapiga mstari chini ya neno moja, akapuliza wino. "Basi una jambo moja la kuomba msamaha na matatu ya kusimamia. Watu wengi huchanganya. Wakishikwa na moja la uongo, wanaomba msamaha kwa yote, na ya kweli yanaondoka na ya uongo."

Kutoka kwetu akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na mama wa mboga, ambaye sasa alikuwa ameweka kibanda chake mkabala na lango la mwenyekiti, nadhani kwa makusudi. Alisema mzee alisimama pale kama mtu wa kusoma mita za stima. Akasoma: "Mimi nasema msichana huyu amekosa kazi. Mimi nasema shida ni mama aliyemlea." Akauliza kama ametafsiri sawasawa. Mwenyekiti akasema aliandika akiwa na hasira. Mzee akauliza kama aongeze hivyo kwenye daftari, na kama sasa ampelekee mama mwenyewe, nyumba ya nne. Mwenyekiti akafunga lango.

"Na akaandika," mama wa mboga aliniambia akishika mbavu. "Amesimama hapo nje peke yake, anaandika ati lango limefungwa."

Mkutano wa Jumamosi ulifanyika uwanjani mwa shule ya chekechea, na viti vilivyokuwepo ni vile vya watoto. Wanaume wazima walikaa magoti yakiwa kifuani. Mwenyekiti alisimama, labda kwa sababu hiyo. Alizungumza vizuri, lazima nikiri. Alisema group imekuwa jalala, kwamba jina la mtu hujengwa kwa miaka na kubomolewa kwa dakika, kwamba heshima haiwezi kukaa mahali pasipo na askari. Watu walipiga makofi. Hata mimi niliona sehemu fulani ni kweli, na hilo ndilo tatizo langu siku zote.

Nilimtazama Mkalimani. Nilikuwa nimeamini, bila yeye kuniambia, kwamba atasimama. Alikuwa na daftari mapajani. Alikuwa akiangalia viatu vyake. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kura, na Mkalimani akaendelea kuangalia viatu.

Sijui nilisimamaje. Simu niliiacha kwenye kiti. Sikuwa na toleo lolote.

"Niliandika kwamba chairman ameiuza njia," nilisema. "Sijui hivyo. Nilidhani, nikaandika kama mtu anayejua. Nimekukosea, chairman, na naomba unisamehe mbele ya watu wale wale waliosoma."

Mwenyekiti akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea mzigo. Alidhani nimemaliza. Hata mama alidhani, kwa sababu alinivuta sketi nikae.

"Lakini njia imefungwa," nikasema. "Mkutano haukuitwa. Na watoto wanapita na malori. Haya nayajua, na hata nikitolewa kwa group leo bado nitakuwa nayajua. Mngekuwa mmenizuia kuandika, nisingekosea, ni kweli. Na chairman asingejua kuna watu wanadhani ameuza. Wangeendelea kudhani, kimya kimya, wakimsalimia."

Kiti kimoja cha plastiki kililalamika chini ya mtu mzito. Ndipo mama wa mboga akauliza, bila kusimama, kwa upole wote: "Kwani chairman, hiyo meeting ya lango ilikuwa siku gani? Pengine ni mimi nilikuwa nimeenda soko."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Mwenyekiti alijaribu kukingoja kiishe, hakikuisha, na mwisho akacheka yeye pia. Nilimheshimu kwa hilo. Alisema hakukuwa na mkutano. Alisema alikuwa na hofu baada ya nyumba yake kuvunjwa, na alidhani akiuliza watabishana mwaka mzima. Mtu akamwambia wangebishana, ndiyo, lakini wangemchangia kufuli nzuri kuliko ile.

Walionyoosha mikono kutaka mwenyekiti akabidhiwe group walikuwa saba tu. Mwenyekiti hakuwa mmoja wao. Ikakubaliwa group ibaki vile ilivyo, na njia iwe wazi kuanzia alfajiri hadi magharibi, ufunguo ukae na mama wa mboga kwa kuwa ndiye anayeamka kabla ya kila mtu. Aliupokea akautia ndani ya blauzi, akatembea mbele yetu sote hadi nyuma ya mtaa, akafungua. Watoto walipita wakikimbia, kisha wakarudi ili wapite tena. Mama yangu alipita kwa madaha, mkoba mkononi, na hakuwa na shughuli yoyote upande ule.

Mtu mmoja mwenye furaha alipendekeza iwe sheria, kwamba kila ujumbe wa kumshtaki mtu usomwe kwanza langoni. Mkalimani, ambaye hakuwa amefungua mdomo siku nzima, ndiye aliyekataa. Alisema adabu ikigeuzwa sheria watu huanza kutafuta mwanya.

Nilimfuata hadi kwake nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Nikamuuliza kwa nini hakunisaidia.

"Mkalimani huitwa pale mtu asipojua lugha," alisema, akitafuta funguo. "Wewe ulikuwa unaijua."

Baada ya hapo nilipata kazi ya ofisi kwenye shamba moja la maua, nikapanga chumba Karagita, nikawa narudi nyumbani wikendi. Naandika kwenye group sasa. Nakosea na kusahihishwa, na mara mbili nimekuwa sahihi peke yangu. Lakini miezi michache iliyopita niliona mstari ule mdogo ukisema Mkalimani ameondoka. Hakukuwa na ugomvi wowote. Mama akamuuliza pale ukutani uani, akajibiwa tu kwamba amestaafu mara ya pili.

Nilikutana naye Jumamosi moja mchana, mjini, kwenye foleni ya fundi wa simu. Kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka. Amekonda, na koti lile sasa linamning'inia. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza habari za maua, nikamuuliza kwa nini aliondoka.

Alisema alikuwa ameanza kuona jambo asilolipenda. Watu wakibishana, mtu anaandika: tumngoje Mkalimani. Wanamngoja kweli. Akishasema, wananyamaza. Alikuwa amekuwa yule askari aliyeombwa na mwenyekiti, alisema, na njia ya heshima ni kutoka.

Ilikuwa hoja nzuri. Nilianza kuizungusha kichwani kama kawaida yangu, nikaona upande wake, nikaona upande wa pili wake, na ghafla nikachoka kuzunguka.

"Mzee, hapo umekosea," nikasema.

Fundi aliinua macho. Kijana aliyekuwa mbele yetu akageuka.

"Rudia," Mkalimani akasema.

"Umekosea. Ulituambia mtu akitolewa tunapoteza nafasi ya kumjibu. Sasa umejitoa mwenyewe. Kama watu wanakuogopa, dawa ni ukae upingwe, si uondoke ukiwa bado uko sawa. Hiyo si heshima, mzee. Ni majivuno."

Nilisubiri woga ufike. Taya yake ilisogea kama ya mtu anayetafuta neno katika lugha ya tatu. Kisha akampa fundi simu yake na kumwambia aharakishe.

Saa kumi nilikuwa kwa mama, sahani ya githeri mbele yangu, simu ikalia. Alikuwa ameingia tena kwa link ya zamani ya group. Kwa wakazi wote wa Section 58, hamjambo, aliandika. Aliomba ruhusa ya kuchangia, na safari hii hakuingoja. Kwa aya nne ndefu alieleza kwamba leo mchana, mbele ya mashahidi wawili, ameambiwa kwamba ana majivuno, na akataja sababu tano kwa nini aliyesema hivyo, ambaye ni mimi, amekosea. Ya pili ilikuwa na nguvu. Ya nne ilikuwa upuuzi mtupu. Watu walikuwa wameshaanza kuandika, mwenyekiti akiwa upande wangu, mama wa mboga upande wake.

Nikasogeza sahani. Nikaandika kwamba ya nne ni upuuzi na kwa nini, nikaweka jina langu, nikatuma, na githeri ilikuwa bado inatoa moshi.